Tuzo ya Ngitili ni ya Nani?

Ukitaka kuujua ukweli wa Shinyanga, nenda Septemba. Machi nchi nzima ni kijani na mgeni hupotoshwa kirahisi: mtama umesimama, majaruba ya mpunga yamejaa maji, ng'ombe wananenepa popote walipo. Septemba hakuna kificho. Mabua yameshaliwa mashambani, mito imebaki mchanga mtupu, na vumbi linamfichua kila mtu: aliyetunza ardhi yake na aliyeitelekeza. Ndiyo maana nilichagua mwezi huo kwenda kutazama ngitili, yaani malisho yanayofungwa wakati wa mvua na kufunguliwa kiangazi.

Basi liliondoka stendi ya Nyegezi, Mwanza, kabla jua halijapanda. Usagara, Misungwi, Mabuki. Yale mawe makubwa yaliyobebana, ambayo ni sura ya Mwanza, yakaanza kupungua, na nchi ikafunguka mpaka upeo wa macho: tambarare ya udongo mweusi wa mbuga, iliyopasuka nyufa za kuingiza mguu wa ndama, na hapa na pale mji wa mtu umezungushiwa uzio wa minyaa. Maganzo wafanyabiashara walituzingira madirishani na karanga na maji. Jirani na hapo ndipo Mwadui, ambako John Williamson aligundua almasi mwaka 1940, na watu wengi wa Tanzania wakisikia Shinyanga huwaza almasi kwanza, kisha pamba, kisha ng'ombe. Mimi nilikuwa nahesabu miti. Mara nyingi macho yalikwenda mbali sana kabla hayajaupata mmoja.

Kisha, kilomita chache mbele, upande wa kushoto, kikaonekana kichaka kizito cha migunga, nyasi zake ndefu za rangi ya dhahabu, hakuna ng'ombe hata mmoja ndani. Pembeni mwake ardhi ilikuwa imekwanguliwa mpaka udongo. Hapakuwa na ukuta wala waya kati ya hayo mawili. Abiria niliyekaa naye, mama wa makamo aliyekuwa anarudi Kishapu, aliniona nikigeuza shingo. "Hiyo ni ngitili ya watu," akasema, kwa namna ya mtu anayemwonyesha mgeni nyumba ya jirani.

Kilichonipeleka huko ni tuzo. Mwaka 2002, dunia ilipokutana Johannesburg kwa mkutano mkuu wa maendeleo endelevu, Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa, UNDP, lilikuwa limeanzisha pamoja na washirika wake Tuzo ya Equator, kwa ajili ya jamii za vijijini zinazopambana na umaskini huku zikitunza viumbe hai. Tanzania ilisikika mapema sana. Suledo, msitu wa vijiji vya Kiteto unaobeba majina ya Sunya, Lengatei na Dongo, ulikuwa miongoni mwa washindi wa mwanzo kabisa. Na kazi ya Shinyanga ikatambuliwa mwaka huohuo, kwa jina la HASHI, yaani Hifadhi Ardhi Shinyanga. Nimesoma maandishi mengi juu ya utambuzi huo. Yanataja mradi, wafadhili, hekta na mafanikio. Mwenye ujuzi wenyewe, Msukuma aliyeanza kufunga kipande cha malisho mvua zinapoanza ili akifungue kiangazi kinapokaza, anaonekana kama mnufaika. Hilo lilinikaa moyoni. Nilitaka kwenda kuuliza mahali penyewe.

Ni vizuri msomaji ajue kwamba uhaba wa miti wa Shinyanga haukuletwa na mbingu peke yake. Mvua ni chache kweli, kama milimita 600 hadi 900 kwa mwaka, na huja kwa msimu mmoja. Lakini nchi hii ilikuwa na misitu ya miombo na migunga. Katika miaka ya 1920 serikali ya kikoloni, ikiongozwa katika kazi hiyo na Charles Swynnerton, iliendesha vita dhidi ya mbung'o, na watu kwa maelfu walikusanywa kufyeka vichaka ili mdudu akose kivuli cha kukaa. Mbung'o walirudi nyuma. Miti nayo ikaenda. Ikaja pamba, ikataka mashamba mapya. Miti mingine ilikatwa ili kuwanyima kwelea kwelea mahali pa kulala. Mifugo ikaongezeka kwenye malisho yaliyokuwa yanapungua. Halafu katikati ya miaka ya 1970 watu wakahamishiwa vijiji vya pamoja. Nia ilikuwa kuwafikishia shule, maji na zahanati, na sitaki kuibeza nia hiyo, ila mtu aliyehamishwa kilomita kadhaa kutoka kwenye mji wa baba yake hawezi kulinda ngitili iliyobaki nyuma. Ngitili nyingi zilikufa miaka ile. Mwalimu Nyerere alipotembelea mkoa huo mwaka 1984, alikuta nchi inayoelekea kuwa jangwa, na mwaka 1986 HASHI ikaanzishwa, kwa msaada wa Norway na baadaye kwa ushirikiano na watafiti wa kilimo mseto wa ICRAF. Wakati inaanza, ngitili zilizokuwa zimeandikwa zilikuwa kama hekta 600 tu.

Mjini Shinyanga nilipokelewa na bwana miti mstaafu, mtu mwembamba mwenye kofia ya majani, aliyekuwa kijana wakati mradi unaanza. Jioni ile tulikaa nje ya nyumba yake, tukinywa chai ya tangawizi, naye akanisimulia miaka ya kwanza bila kujipendelea. Walikuja na vitalu. Walikuja na miche ya mikaratusi na mijohoro, wakaigawa kwa malori. Mingine ilikauka, mingine ililiwa na mbuzi, na mingi haikuwa na maana kwa mtu ambaye shida yake ni kwamba ng'ombe wake wa kulimia hawatakuwa na nguvu mvua ikinyesha. "Tulikuwa tunawafundisha watu kupanda miti," aliniambia, "na wao walikuwa wanajua namna ya kuiacha iote." Mabadiliko yalikuja wataalamu walipoanza kukaa na wazee na kuwauliza jinsi mababu zao walivyoishi na kiangazi. Jibu lilikuwa moja kila walikokwenda.

Nadhani huo ndio ugunduzi mkubwa wa HASHI, na sisemi hivyo kuipunguzia heshima. Ofisi ya serikali kukiri kwamba mbinu inayotafutwa tayari ipo kwa mwanakijiji, kisha ikaacha vitalu vyake na kwenda kuisaidia mbinu hiyo isimame tena, ni jambo adimu. Lilistahili kutuzwa. Ninachouliza ni kwa nini cheti kisitaje na upande wa pili.

Kesho yake tulikwenda kijiji kimoja cha Wilaya ya Kishapu. Pikipiki ilituacha kwenye mji wa mzee mmoja, tukamwamkia. "Shikamoo, mzee." "Marahaba, wanangu. Mwangaluka." Bwana miti akamjibu kwa Kisukuma, na kabla hatujasema tulichofuata tukaletewa maji ya kunawa, sinia ya michembe iliyochemshwa na karanga, na maziwa ya mgando kwenye kibuyu. Nchini kwa Wasukuma mgeni haanzi na maswali.

Ngitili ya mzee iko nyuma ya mji, ekari zipatazo kumi. Haina uzio. Mpaka wake ni njia ya ng'ombe, kisiki cha mkwaju, na ufahamu wa kila mtu kijijini. Tulipovuka njia ile niliona tofauti kwa miguu kabla ya macho: chini palikuwa laini, majani makavu yametandikwa, udongo haukuwa umeungua. Nyasi zilinifika kiunoni. Migunga ilikuwa ya umri tofauti, na katikati yake mpingo mchanga ulikuwa unachipua kutoka kwenye kisiki cha zamani, machipukizi matatu au manne yakigombania nafasi. Mzee alipiga magoti, akayashika, akanionyesha lile aliloliacha likue na mahali alipoyakata mengine. Hakupanda mti wowote hapa. Mizizi ilikuwa hai chini ya ardhi miaka yote ile ambayo juu palionekana pamekufa. Kilichohitajika ni kuipa nafasi, ng'ombe wasiingie, moto usipite, shoka lisifike.

Kisha akanieleza utaratibu. Mvua za kwanza zinaponyesha, Novemba au Desemba, ngitili hufungwa. Mifugo hulisha kwingine mpaka mavuno. Baada ya mavuno wanaingia mashambani kula mabua. Mabua yakiisha, kati ya Julai na Septemba kutegemea mwaka, ndipo ngitili hufunguliwa, na si yote kwa mara moja. Aliigawa yake sehemu kadhaa, ikimalizika moja wanahamia nyingine. Na si kila mnyama anaruhusiwa kutangulia. Wanaanza maksai wa kulimia, maana bila wao hakuna shamba. Wanafuata ndama, ng'ombe wanaonyonyesha, na wale wagonjwa au wazee ambao hawawezi kwenda mbali kutafuta malisho. Wenye nguvu wanasubiri au wanasafirishwa. Nilimuuliza nani aliyemfundisha. Alinitazama kidogo, akasema, "Baba yangu alikuwa anafanya hivi, na baba yake. Sasa nitasema nimefundishwa na nani?"

Mama mwenye mji alitukuta huko, amebeba mzigo mdogo wa kuni. Yeye ndiye aliyenifumbua macho zaidi, kwa sababu wanaume wanapozungumza juu ya ngitili huzungumza juu ya ng'ombe. Kwake ngitili ni kuni zilizo karibu. Ni nyasi za kuezekea, fito, dawa ya tumbo la mtoto, uyoga wa mvua za kwanza, matunda ya pori ambayo watoto hula wakitoka shule, na asali, kwa kuwa mwanawe mmoja ametundika mizinga. Alikumbuka usichana wake, walipokuwa wanaondoka alfajiri kufuata kuni na kurudi jua likiwa limekwishainama. Wapo waliokuwa wanapika kwa samadi kavu na mabua ya pamba. Utafiti mkubwa wa serikali na shirika la uhifadhi la IUCN uliotolewa mwaka 2005 ulipima jambo hili: ngitili zilimpunguzia mtu kati ya saa mbili na sita katika kutafuta kuni, na saa moja au mbili katika kufuata maji. Ukiyasoma makaratasini ni tarakimu. Ukiwa umesimama mbele ya mama aliyezeeka akiwa bado ana mgongo ulionyooka, unaelewa saa hizo zilitoka mwilini mwa nani.

Utafiti huohuo ulikadiria kuwa ngitili zilikuwa zimefika hekta 350,000 hivi katika vijiji 833 vya mkoa wa Shinyanga wa wakati ule, kabla mkoa wa Simiyu haujamegwa. Watafiti waliorodhesha aina 152 za miti, vichaka na mimea itambaayo, na aina 145 za ndege. Faida ya ngitili kwa mtu mmoja ilikadiriwa kuwa dola 14 za Marekani kwa mwezi, zaidi ya kile ambacho mtu wa kijijini Tanzania alikuwa anakitumia kwa wastani. Nchi iliyokuwa inaitwa jangwa ilirudisha miti mingi kiasi hicho ndani ya miaka isiyofika ishirini, na sehemu kubwa bila mche kupandwa.

Lakini ulinzi? Nilitaka kujua ni nini kinachomzuia jirani mwenye njaa ya malisho asiingize ng'ombe usiku. Mzee alitaja dagashida, baraza la jadi ambamo wenyeji hukaa wakatunga sheria zao wenyewe juu ya mambo ya pamoja. Anayeingiza mifugo kwenye ngitili ya mtu, au ya kijiji, hupelekwa mbele ya baraza hilo na hutozwa faini; anayekaidi hukabiliwa na sungusungu, walinzi wa jadi, na mbaya zaidi hutengwa na wenzake, asisaidiwe shambani wala msibani. Baadaye vijiji vingi vilizichukua sheria hizo na kuziandika kama sheria ndogo za serikali ya kijiji. Hapo ndipo mila na dola zilipokutana vizuri. Mvamizi anaweza kukimbia mila kwa kuhamia kijiji kingine, na anaweza kukimbia mahakama kwa sababu mahakama iko mbali. Kuzikimbia zote mbili ni kazi.

Sitaficha kwamba niliyoyaona hayakuwa mazuri tu. Kabla ya kurudi kwa mzee, bwana miti alinipitisha kwenye eneo ambalo alilijua kama ngitili nzuri miaka ya 1990. Sasa ni majaruba ya mpunga na mabaki ya tanuri la mkaa. Mwenye eneo alifariki, vijana wakagawana, kila mmoja akapata kipande ambacho hakitoshi kufunga na kulisha. Mpunga unalipa upesi na mkaa unalipa kesho asubuhi. Siwezi kuwalaumu vijana wenye karo za watoto. Tena ngitili za watu binafsi ni nyingi mno kuliko za kijiji, na mwenye ardhi kubwa ndiye anayefunga eneo kubwa. Familia isiyo na ardhi hutegemea ngitili ya pamoja au hisani ya jirani. Wanawake, ambao ngitili iliwaondolea mzigo mkubwa zaidi, mara nyingi si wao wanaoamua ifungwe lini au iuzwe kwa nani. Na wafugaji waliokosa nafasi hapa wameshuka na ng'ombe wao kusini, Rukwa, Mbeya, Morogoro hadi Lindi, ambako wanaitwa wavamizi na wanagombana na wakulima. Kila ngitili inayokufa Shinyanga inaongeza kundi moja njiani.

Usiku mzee aliniuliza swali ambalo sikuwa nimejiandaa nalo. Nilikuwa nimemweleza kwamba kazi ya mkoa wake ilipata heshima ya Umoja wa Mataifa, na kwamba watu wa nchi za mbali wanasoma habari za ngitili. Alifurahi, akamwita mkewe asikie. Halafu akasema, "Sasa hiyo tuzo, ndani yake kulikuwa na nini?" Nikamwambia: cheti, fedha za kusaidia kazi, na jina kujulikana. Akafikiri. "Jina ni jambo zuri. Lakini mwanangu, mimi nina watoto saba. Wangeleta na mtu wa kupima mpaka huu, akauandika, nikifa usiguswe."

Tangu niliposikia maneno hayo nimebadilisha namna ninavyozipima tuzo za wakulima wadogo. Zinaongezeka, na ni vizuri. Mwaka 2011 Shirika la Chakula na Kilimo, FAO, liliutambua mfumo wa vihamba wa Shimbwe Juu, Kilimanjaro, na ufugaji wa Wamaasai wa Engaresero kuwa urithi wa kilimo wa dunia. Tuzo ya Equator inaendelea kutolewa. Utambuzi wa namna hii una nguvu yake: ofisa wa wilaya aliyekuwa anaita ngitili pori lisilotumika hufikiri mara mbili akisikia dunia inaiheshimu, na kijana aliyeiona mbinu ya babu yake kuwa ya kizamani huitazama upya. Lakini tuzo inayoishia ukutani mwa ofisi haimlindi mzee yule. Ugunduzi wa mkulima haukai kwenye karatasi wala maabara. Unakaa kwenye ardhi, na ardhi ikiondoka ugunduzi unaondoka nayo.

Sheria za kuilinda ardhi hiyo tunazo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inamruhusu mwanakijiji, mwanamume au mwanamke, kupata hati ya hakimiliki ya kimila, na familia au kikundi kuipata kwa pamoja. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inakiruhusu kijiji kutenga msitu wake na kuusimamia. Ngitili ya mtu inaweza kuingia kwenye hati. Ngitili ya kijiji inaweza kuwa hifadhi ya kijiji yenye mipaka na sheria ndogo. Kinachokosekana mara nyingi ni gharama ya vipimo, mpango wa matumizi ya ardhi, na mtu wa kufuatilia faili wilayani mpaka litoke. Ni gharama ambazo tuzo moja ya kimataifa ingeweza kuzibeba kwa vijiji kadhaa.

Kwa hiyo ninaziomba taasisi zinazotoa tuzo hizi, na wizara zetu zinazopendekeza majina: mkitaja mradi, tajeni na wenye mbinu, Wasukuma, vijiji, mabaraza ya dagashida. Fedha za kwanza za tuzo ziende kwenye mipaka na hati, na jina la mke liandikwe pamoja na la mume. Na wewe msomaji mwenye ndugu Shinyanga, Simiyu au Tabora, ambaye mzee wake bado ana ngitili, mwulize Krismasi hii kama imeandikwa popote. Kama haijaandikwa, nendeni pamoja ofisi ya kijiji yeye akiwa bado na nguvu za kuwaonyesha kisiki kilichopo mpakani.